Kwangua Rangi Mpaka Chuma

Temeke, Jumapili jioni

Mwanangu Upendo,

Najua umeshacheka. Nakuona kabisa ulivyokaa kwenye siti ya basi, karatasi umeikunjua, umefika kwenye hilo neno "mwanangu" na mabega yanatikisika. Cheka tu. Nimekuzidi miaka mitatu, viatu vyako vinanibana kidogo, na yule mama wa vitumbua hapo kona mpaka leo anatuuliza kama sie ni pacha. Lakini mie ni mama yako mdogo, na aliyekuzaa hayupo. Siku tulipomzika dada Anna, bibi yako aliuchukua mkono wako akauweka kwenye wangu, watu wazima wote wakiangalia, akasema, "Tumaini, huyu ni mwanao." Watu wakatabasamu. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, soksi zimelegea. Walidhani ni maneno ya kufutia machozi. Mie sikutabasamu. Nilikushika mkono mpaka ukalia kwamba unaumia.

Maagizo ya safari umeshapewa na bibi yako, tangu juzi anaagiza: chandarua, sala, simu usiishike dirishani, chakula cha njiani usile. Sina la kuongeza hapo. Nakuandikia kwa sababu kesho stendi sitasema kitu. Unanijua. Nitakukumbatia kama mtu aliyebeba ubao, halafu nitaangalia matairi ya basi. Usije ukafika Mwanza ukadhani sikuwa na la kusema. Ninalo, ila huwa halitoki mdomoni. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na nimenyamaza kwa zote mbili. Shuleni kwenye midahalo ya Kiingereza nilikuwa nakaa nyuma ya nguzo. Nyumbani kwa Kiswahili, jikoni. Barua hii nilianza kuiandika kwa Kiingereza, nikaona najificha tena, nikaichana.

Nimekaa siti ya nyuma ya gari la Mzee Murtaza, mteja wetu wa jana, hapa hapa kwenye gereji ya Fundi Chande. Chande ameenda kuangalia mpira. Boksi la sabufa limeletwa asubuhi kutoka kwa maseremala wa Keko, bado linanuka gundi, na kila nikiegemea vumbi la mbao linanishika mgongoni. Ukipata karatasi ina alama ya kidole cheusi, ni mie.

Nataka nikuambie habari za ile harusi. Unaijua, ulikuwepo, ulivaa lile gauni la zambarau lililokuwa linakukaba. Lakini hujawahi kuisikia kutoka kwangu.

Kaka Elia, mjomba wako, alikuwa ndiyo kwanza amenunua lile gari jeupe. Plastiki za siti alikuwa hajazitoa. Akasema gari hilo ndilo litakalombeba bibi harusi wake, kwa hiyo lifungwe mziki wa maana: amplifaya, sabufa mbili, lisikike kuanzia kanisani huku Temeke mpaka ukumbini Kigamboni. Chande alikuwa na homa. Akanipigia simu: "Sista, si unajua kila kitu? Mfungie kaka yako." Na kweli nilikuwa najua. Tangu nikiwa kidato cha pili nilikuwa napitiaga pale kumsomea Chande maelezo ya Kiingereza kwenye vikaratasi vya maboksi, kisha nikawa namshikia waya, kisha nikawa nafunga mwenyewe yeye akinishikia, na usiku nyumbani nakufundisha wewe nilichojifunza.

Elia alinikabidhi funguo na maneno haya: "Tumaini, sitaki kuona mkwaruzo. Hata mmoja."

Kila kitu nilikifunga vizuri, pale uani kwetu. Waya mwekundu nikautoa kwenye betri, nikauwekea fyuzi jirani na betri kabisa, nikaupitisha chini ya mkeka bila hata kuonekana. Ukabaki mweusi, wa eathi, ule unaourudisha moto kwenye bodi ya gari. Na wewe unajua kinachotakiwa. Bodi imepakwa rangi, rangi haipitishi moto. Lazima unyanyue kapeti, uchague mahali pazuri, uchukue msasa na ukwangue mpaka chuma king'ae. Hapo ndipo unafunga.

Nilinyanyua kapeti. Bolti ilikuwa pale chini ya siti ya nyuma, na rangi kuizunguka nyeupe kama meno ya mtoto. Nikautoa msasa mfukoni. Elia alikuwa getini anaongea na simu, hatua chache tu. Ningemwita. Ningesema, kaka, hapa lazima nikwangue, hapataonekana. Sentensi moja. Nilisubiri amalize simu. Akamaliza, akapiga nyingine. Nikaona haya kumkatiza. Nikaurudisha msasa mfukoni, nikafunga eathi juu ya rangi, nikakaza bolti kwa nguvu zangu zote, kana kwamba nguvu zitatoboa rangi.

Kisha nikajaribu mziki, na hapo nikaona haya mara ya pili. Kuna majirani, kuna bibi yako amelala. Nikaufungulia mdogo. Ukapiga vizuri tu. Ndiyo ubaya wa eathi mbovu: mziki ukiwa mdogo inakudanganya.

Kilichofuata ulikiona. Kwenye daraja la Kigamboni ulianza mluzi kwenye spika, unapanda kila dereva akikanyaga mafuta. Niliusikia nikiwa gari la nyuma na nikajua palepale. Tulipofika ukumbini, MC yuko mlangoni na maiki: "Dereva, tupandishieee!" Dereva akapandisha. Bibi harusi mguu mmoja uko nje. Mziki ukakata. Ukarudi. Ukakata. Kama mtu mwenye kwikwi. Yule MC, hawezi kunyamaza yule, akasema, "Jamani, gari limemwonea haya bibi harusi!" Watu wakavunjika mbavu. Shangazi mmoja akauliza, "Kwani nani kafunga?" Mwingine akamjibu, "Si huyu Tumaini." Na yule wa kwanza akasema, "Aaa."

Hiyo "aaa" ndiyo iliyoniuma kuliko kicheko. Ilikuwa na maana kwamba sasa ameelewa, hakuna tena la kuuliza.

Kesho yake bibi yako alitoa hukumu akiwa anachambua mchele, hata hakuniangalia. "Mikono hiyo nimeisomesha. Gereji basi. Na Upendo naye basi, asije akakufuata huko." Elia akaongezea kwamba kazi ile si ya wasichana, harusi imeonyesha. Nami nikasema "sawa, mama." Nikasema sawa!

Nikuambie nilichopaswa kusema. Chande, mwanamume mwenye ndevu, aliwahi kuunguza nyaya za gari zima la mteja, moshi ukatoka mpaka kwenye redio, na hakuna aliyesema basi wanaume waache umeme. Walisema Chande kakosea. Mie nami nilikosea. Kosa langu lina jina na lina mahali, liko chini ya siti ya nyuma, kwenye bolti. Halikuwa kosa la wasichana. Lilikuwa la Tumaini, aliyeogopa kumkatiza kaka yake simu. Lakini nilinyamaza, na kwa kunyamaza nikawaruhusu wakufungie na wewe mlango uliokuwa bado hujaugusa.

Miezi yote iliyofuata nilikaa ndani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, nasuka watu nywele kibarazani. Gari likipita na mziki mkubwa nilikuwa nasikiliza kama lina mluzi, halafu najichukia.

Ni wewe uliyekuja Jumamosi ile, begi la shule mgongoni wakati shule zimefungwa.

"Mama mdogo, vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Kimara. Kwa mjomba."

"Kufanya nini?"

"Kusalimia." Na begi likalia kama sanduku la fundi.

Wifi, mke wa Elia, alitufungulia geti, akatuambia Elia yuko bafuni, akarudi jikoni kwake. Gari lilikuwa uani, halikufungwa milango. Ukaingia nyuma kama lako. Ukang'oa siti, ukanyanyua kapeti, ukamulika kwa simu. Ukaigusa bolti kwa kidole. Nilijua umeona.

"Mama mdogo," ulisema polepole, "umeiogopa rangi?"

"Alisema hataki kuona mkwaruzo."

"Chini ya kapeti anakaa nani wa kuuona?"

Ukafungua bolti, ukaanza kukwangua. Ule mlio nilikuwa nimeusahau. Kisha ukasimama, ukanipa msasa. "Malizia. Hii yako." Nikamalizia. Nilikwangua zaidi ya inavyohitajika, Upendo, sasa nakiri. Nilikwangua mpaka pakawa panang'aa kama kijiko kipya, na nilikuwa nalia, na wewe ukajifanya unatafuta spana.

Hapo ndipo Elia akatoka, taulo kiunoni, mswaki mdomoni.

"Nyie! Mnafanya nini kwenye gari langu?"

"Shikamoo, mjomba," ulisema, kichwa kiko chini ya siti. "Tunakwangua."

"Mnakwangua nini?"

"Rangi."

Povu la dawa ya meno lilimshuka kidevuni. "Tumaini! Nilikwambiaje kuhusu gari hili?"

Sijui sauti ilitoka wapi. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimeinama na sikumwona uso. "Ulisema hutaki kuona mkwaruzo, kaka. Hutauona. Washa gari."

"Siwashi."

"Basi lete funguo niwashe mie."

Akawasha mwenyewe, na taulo lake. Akakanyaga mafuta, akakanyaga tena, sikio amelitega kama daktari. Hakuna mluzi. Nikanyoosha mkono nikapandisha mziki, nikapandisha mpaka pale alipotaka yule MC, nikapapita. Vioo vya dirisha la jikoni vikaanza kuimba, kuku wa jirani wakatawanyika, na wifi akatoka na mwiko mkononi akaanza kucheza palepale mlangoni.

"Punguza!" Elia alipiga kelele. "Majirani!"

Lakini mkono wake haukwenda kwenye redio. Kichwa kilikuwa kinatikisika. Aliyepunguza ni mie. Nikapunguza haraka, nikasema "samahani, kaka." Ulinikata jicho ambalo mpaka leo linaniwasha.

Halafu kikaja kile kikao. Ulikuwa umepata nafasi ya chuo, kusomea umeme wa magari Mwanza, na Elia alikuwa amekuandalia uuguzi, karo na kila kitu. Uuguzi ni kazi kubwa, sina neno nao. Ila hukuuomba. Tulikaa sebuleni kwa bibi yako, kila mtu akasema lake, wewe umekaa kwenye stuli karibu na mlango kama mshitakiwa. Elia alisema aibu moja inatosha. Mwisho, alipoona wote wamekubaliana naye, akafanya utani: "Haya jamani, na mama mtu anasemaje?"

Wakacheka wote. Hata bibi yako. Hata wewe ulitabasamu, nilikuona.

Nilikuwa naangalia ua moja kwenye mkeka. Nikawaza bolti. Nikawaza Elia anamaliza simu moja na kuanza nyingine, na mie nasubiri.

"Mama mtu anasema aende Mwanza," nikasema.

"Tumaini, tunatania."

"Mie sitanii. Siku ya msiba wa dada mlinipa mtoto, watu wote mmesimama. Kama siku ile nayo ilikuwa utani, semeni leo. Semeni mlikuwa mnatania juu ya kaburi la dada Anna."

Nikaikalia mikono yangu. Elia uso ulikuwa umebadilika. "Basi vizuri. Mama ndiye anayesomesha. Utamsomesha wewe."

"Nitamsomesha."

"Kwa lipi?"

Nikaitoa ile mikono chini ya mapaja. Nikawaonyesha.

Sote tukamgeukia bibi yako. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya khanga. Kisha akasema, "Mie ndiye niliyeutia mkono kwenye mkono. Siwezi kusema leo kwamba sikusema." Akainuka akaenda kuchemsha chai. Kikao kikaisha hivyo.

Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata nilirudi kwa Chande, si kumsomea vikaratasi, bali kazi. Chuo nilichochaguliwa nimekiomba kinisubiri mwaka, kikichoka kusubiri shauri yake. Usinionee huruma kwa hilo, na usinisomee mie huko uendako. Sikukupeleka Mwanza ili urudi na cheti cha kuwafunga watu midomo. Ukifika ukaona huupendi umeme, rudi, utakuta sahani yako. Nilichopigania si umeme. Nilipigania usirudishwe kwa sababu ya woga wangu.

Nisikudanganye kwamba nimepona. Wiki ya kwanza niliamua kuwa mkali, nikamfokea mteja mmoja aliyeniuliza fundi yuko wapi. "Unamwona nani hapa, paka?" Akaondoka na gari lake. Chande akanitazama. "Sista, ulikuwa huna sauti, sasa una king'ora. Katikati hapapo?" Bado napatafuta hapo katikati.

Jana alikuja huyu Mzee Murtaza, mwenye duka la spea kule mjini. Akaniambia anataka sabufa moja, nzito, safi. Nikamuuliza, kwa adabu, anapiga mziki gani, maana boksi linategemea. Akasema si mziki, ni maombolezo yao Mashia ya Muharram, na kwenye redio ya sasa ile mikono ikipiga vifua inasikika kama watu wanakung'uta mito. "Nataka nikisikie kifua, beti," akasema, yaani binti kwa Kihindi chao, akajigonga chake. Nikaelewa sawasawa.

Nikafika kwenye kapeti. Nikaurudisha msasa mfukoni kama siku ile, Upendo, sikufichi, kama siku ile ile. Nikamfuata. Alikuwa anaongea na simu. Nikasimama mbele yake mpaka akaiondoa sikioni.

"Mzee, nitakwangua rangi. Kidogo, chini ya siti."

"Kwangua. Lakini kwa nini unanong'ona? Gari halijalala."

Chande alicheka mpaka akakaa chini kwenye tairi. Na mie nikacheka. Halafu nikakwangua.

Huko Mwanza watakuona wewe ni msichana pekee, au mmoja wa wachache, na wewe si mwoga kama mie, una mdomo. Lakini iko siku nawe utauogopa mkono wako. Kuna mwenye gari atakayekuambia hataki kuona mkwaruzo, na atasema kwa sauti inayofanana na ya mtu unayempenda. Muulize. Akikataa, mrudishie funguo zake, mwache aende na gari lake zuri lisilo na mziki. Lakini usifunge juu ya rangi kwa sababu umeona haya. Itapiga uani, itapiga siku nzima, na itakatika mlangoni mwa ukumbi. Na wakikuuliza nani kafunga, sema mie, kabla mtu hajasema "aaa."

Msasa nimeuweka kwenye begi lako, mfuko wa pembeni. Ni kile kipande chetu cha Kimara. Kimeisha makali, hakifai kwa kazi, kaa nacho tu.

Giza linaingia, na Chande anarudi, namsikia anabishana na watu kuhusu penalti. Nimalize.

Elia amepiga simu mchana. Hakusema samahani, hatasema, si lugha yake. Alisema, "Kesho nitawapeleka stendi ya Mbezi. Usafiri tu, msinielewe vibaya." Nikamwambia asante, kaka. Kwa hiyo alfajiri tutakuwa kwenye lile gari jeupe, bibi yako mbele na rozari yake, wewe na mie nyuma, juu ya ile bolti. Tutapita Kimara, mtaani kwake, majirani wake wote wamelala.

Nitanyoosha mkono katikati ya siti za mbele, nitapandisha mziki. Atasema punguza.

Sitapunguza.

Mama yako,
Tumaini